Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya viwanja vya kaskazini ya mbali

Longyearbyen, makao makuu ya visiwa vya Svalbard, haina barabara hata moja inayotoka kwenda mji mwingine. Resolute, kijiji cha Wainuit katika eneo la Nunavut, kaskazini mwa Kanada, ni vivyo hivyo. Meli zipo, lakini majira ya baridi msafiri wa kawaida hana njia ila ndege. Ndiyo maana kila anayepangiwa kwenda huko, awe mwanafunzi aliyepata nafasi UNIS, kituo cha chuo kikuu kilichopo Longyearbyen, awe mtafiti, fundi wa mkataba au mtalii, huanza na maswali mawili: ni mbali kiasi gani, na safari itachukua muda gani?

Swali la umbali lina jibu moja, nalo unaweza kulipata mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Swali la muda ni gumu zaidi, na wengi hulikosea kwa sababu hugawanya umbali kwa kasi ya ndege wakaishia hapo. Nataka umbali uupate kwa uhakika, kisha muda uujenge kipande kwa kipande mpaka ukaribiane na ule utakaoukuta njiani. Tutatumia safari mbili za kweli: Tromsø kwenda Longyearbyen huko Norwei, na Iqaluit kwenda Resolute huko Kanada. Ya kwanza ni nyepesi. Ya pili ndiyo inayotoa jasho.

Hatua ya 1: Andika latitudo na longitudo za viwanja

Chukua namba za kiwanja chenyewe. Ukiandika "Svalbard" au "Nunavut" tu, utapewa nukta ya katikati ya eneo zima, na maeneo haya ni makubwa mno. Zetu ni hizi (herufi tatu kwenye mabano ni kifupi cha kiwanja kinachoandikwa kwenye tiketi):

Tromsø (TOS): 69.683 Kaskazini, 18.919 Mashariki
Longyearbyen (LYR): 78.246 Kaskazini, 15.466 Mashariki
Iqaluit (YFB): 63.757 Kaskazini, 68.556 Magharibi
Resolute (YRB): 74.717 Kaskazini, 94.969 Magharibi

Ukizikuta zimeandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde, zibadilishe kwanza. Kiwanja cha Longyearbyen kiko nyuzi 78, dakika 14 na sekunde 46. Gawa 14 kwa 60, gawa 46 kwa 3600, jumlisha na 78, unapata 78.246.

Angalia herufi za Mashariki na Magharibi kwa makini. Viwanja vikiwa upande mmoja wa mstari wa Greenwich, longitudo zinatolewa. Vikiwa pande mbili tofauti, zinajumlishwa. Anayekokotoa kutoka Longyearbyen kwenda Nerlerit Inaat, mashariki mwa Greenland, lazima ajumlishe, maana Nerlerit Inaat iko Magharibi.

Hatua ya 2: Pata makadirio ya haraka

Nyuzi 1 ya latitudo ni maili 60 za baharini, yaani kilomita 111 na kidogo, uwe Tanga au uwe Svalbard. Longitudo haziko hivyo. Mistari yake hukutana kwenye ncha kama pande za chungwa, kwa hiyo kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo nafasi kati yake inavyobana. Kwenye ikweta nyuzi 1 ya longitudo ni kilomita 111. Ukifika Tromsø imebaki karibu kilomita 39, na Longyearbyen ni karibu 23. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatuna mazoea na jambo hili, kwa sababu kwetu miraba ya ramani inakaribia kuwa miraba kweli.

Sasa tukokotoe Tromsø kwenda Longyearbyen:

Tofauti ya latitudo ni 78.246 kutoa 69.683, sawa na 8.563. Zidisha kwa 60: maili 513.8 za baharini kwenda kaskazini.

Tofauti ya longitudo ni 18.919 kutoa 15.466, sawa na 3.453. Zidisha kwa 60 upate 207.2. Usiishie hapo. Tafuta latitudo ya katikati ya viwanja viwili, ambayo ni 73.96, bonyeza cos, unapata 0.276. Zidisha 207.2 kwa 0.276: maili 57.2 kwenda magharibi.

Sasa una pembetatu mraba. Kipeo cha pili cha 513.8 jumlisha kipeo cha pili cha 57.2, kisha kipeuo cha pili cha jumla hiyo: maili 517 za baharini. Zidisha kwa 1.852, na umbali ni kilomita 957 au 958.

Hatua ya 3: Hakikisha kwa kanuni kamili

Njia ya pembetatu inafaa pale viwanja vinapokaribia kuwa kwenye longitudo moja. Vikiachana sana mashariki na magharibi, inaanza kukuongopea. Ijaribu kwa Iqaluit na Resolute, ambako tofauti ya longitudo ni nyuzi 26.4: itakupa kilomita 1,602, wakati umbali wa kweli ni 1,575. Na ukisahau kabisa kuzidisha kwa cos, ukazichukulia longitudo kana kwamba uko ikweta, utapata kilomita 3,178, yaani mara mbili ya ukweli.

Kanuni isiyochagua mahali ni hii. A ni latitudo ya kiwanja cha kwanza, B ya cha pili, C ni tofauti ya longitudo:

sin A × sin B + cos A × cos B × cos C

Jibu lake liingize kwenye cos⁻¹. Utapata pembe kwa nyuzi. Pembe hiyo ukiizidisha kwa 60 ni maili za baharini, na ukiizidisha kwa 111.2 ni kilomita.

Kwa Iqaluit na Resolute: sehemu ya kwanza ni 0.8652, ya pili ni 0.1044, jumla 0.9696. Pembe yake ni nyuzi 14.17. Kwa hiyo umbali ni maili 850 za baharini, kilomita 1,575 hivi.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye kikokotoo. Kwanza, kiwe kwenye nyuzi na kisiwe kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kikiwa kwenye radiani jibu litakuwa upuuzi mtupu. Pili, usikate tarakimu mapema. Kwa Tromsø na Longyearbyen jumla ni 0.98873, na ukiteleza kwa 0.0001 tu, zaidi ya kilomita 4 zimepotea. Acha simu ibebe tarakimu zote mpaka mwisho.

Ukilinganisha jibu lako na la mtu mwingine mkatofautiana kwa kilomita mbili tatu, usihangaike. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na vikokotoo vinavyozingatia hilo hutoa umbali mrefu kidogo huku juu.

Hatua ya 4: Usiiamini ramani bapa

Hatua hii ni fupi, lakini iweke akilini. Kwenye ramani ya Mercator, ile iliyozoeleka ukutani na kwenye simu, kila kitu huvutwa kadiri unavyokwenda kaskazini. Tromsø urefu umevutwa karibu mara 2.9, Longyearbyen karibu mara 4.9. Ukipima kwa rula ukitumia kipimo cha ikweta, utaongeza safari mara tatu au nne. Ukitaka kuona njia kwa macho, tumia tufe, au ramani iliyochorwa ikiwa na ncha ya kaskazini katikati.

Mwelekeo nao unafaa kujulikana. Kutoka Tromsø ndege huelekea karibu nyuzi 355, kaskazini kabisa ikiegemea magharibi kidogo. Chini ni bahari tupu, isipokuwa katikati ya safari, ambapo kisiwa cha Bjørnøya kinabaki upande wa kulia. Kaskazini mwa Kanada dira ya sumaku haitegemewi, kwa sababu ncha ya sumaku haiko mbali sana, hivyo marubani huko hutumia kaskazini ya kweli. Hata njia ya kurukia ya Resolute imepewa namba zenye herufi T, 17T na 35T, kuonyesha kuwa zimehesabiwa kwa kaskazini ya kweli.

Hatua ya 5: Geuza umbali kuwa muda wa kuruka

Uliza kwanza ndege ni ya aina gani. Swali hili lina uzito kuliko kilomita zenyewe.

Kwenda Longyearbyen, mashirika yenye ratiba hutumia ndege za jeti, na Boeing 737 ndiyo iliyozoeleka. Ikishapanda, mwendo wake ni noti 450 hivi (noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa), karibu kilomita 830 kwa saa. Gawa 517 kwa 450: saa 1.15, yaani dakika 69.

Lakini ndege haianzi na noti 450. Inajikokota kutoka maegeshoni, inasubiri, inapanda taratibu, na kabla ya kutua inapunguza mwendo na kuzunguka ili ikae sawa na njia. Kwa jeti kwenye viwanja visivyo na msongamano, ongeza dakika 25 mpaka 30. Ukijumlisha unapata saa 1 na dakika 35 mpaka 40, na ratiba nazo huangukia hapo hapo. Muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni mpaka inaposimama maegeshoni.

Iqaluit kwenda Resolute ni habari nyingine. Kiwanja cha Iqaluit ni kikubwa na kina lami. Kilianzishwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Resolute njia ni ya changarawe. Safari za huku hufanywa na ndege za pangaboi kama ATR 42, ambayo tuikadirie noti 270. Gawa 850 kwa 270: saa 3 na dakika 9. Ongeza dakika 20 za kupanda na kushuka, unapata kama saa tatu na nusu. Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa ndege inakwenda moja kwa moja.

Hatua ya 6: Hesabu vituo vya njiani

Kaskazini ndege ni basi la vijiji. Inabeba abiria, barua, dawa na mboga kwa wakati mmoja, na inasimama. Ratiba ya Resolute ikipitia Arctic Bay (73.006 Kaskazini, 85.043 Magharibi), kokotoa kila kipande peke yake kwa kanuni ile ile:

Iqaluit mpaka Arctic Bay: kilomita 1,221, maili 659 za baharini
Arctic Bay mpaka Resolute: kilomita 360, maili 195 za baharini

Jumla ni kilomita 1,581. Umeongeza kilomita 6 tu, kwa sababu Arctic Bay imekaa karibu juu ya mstari wenyewe. Ila tazama muda. Kipande cha kwanza ni saa 2 na dakika 26 angani, na ukiongeza dakika 20 inakuwa saa 2 na dakika 46. Kusimama, tuseme dakika 40: mizigo inashushwa, mafuta yanajazwa, abiria wanabadilishana. Kipande cha pili ni dakika 43, na dakika 20 nyingine za kupanda na kushuka. Jumla saa nne na nusu. Kilomita sita zimekugharimu saa nzima.

Hapa ndipo umbali na muda vinapoachana kabisa, na ndiyo sababu nakusihi usinunue tiketi kwa kutazama mstari kwenye ramani. Soma ratiba, tafuta idadi ya vituo. Ndege yenye namba moja ya safari inaweza kusimama mara mbili bila neno "moja kwa moja" kubadilika kichwani mwa muuzaji.

Hatua ya 7: Ongeza upepo, barafu na ukungu

Upepo wa juu mara nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Safari ya kaskazini na kusini, kama ya Tromsø, huupata zaidi ubavuni, na athari yake si kubwa. Ukipata noti 50 za upepo wa mbele, mwendo wako juu ya ardhi unashuka hadi 400, na dakika 69 zinakuwa 78. Kwa ndege ya pangaboi maumivu ni makubwa zaidi: noti 50 zikitolewa kwenye 270, saa 3 na dakika 9 zinakuwa saa 3 na dakika 52. Kutoka Iqaluit kwenda Resolute unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kwenda kunaweza kuwa kurefu kuliko kurudi.

Majira ya baridi kuna kazi ya kuondoa barafu kwenye mabawa. Ukiwa umekaa dirishani utaona gari lenye mkono mrefu linasogea, mtu yuko juu ndani ya kikapu, ananyunyiza kimiminika cha moto cha rangi ya machungwa. Mvuke unafunika dirisha, theluji inateremka bawani kama uji mzito. Wakati mwingine hufuatiwa na kingine cha kijani, kizito, kinachobaki juu ya bawa kuzuia barafu mpya mpaka ndege iruke. Weka dakika 10 mpaka 20 kwa kazi hiyo, na usinung'unike, maana bawa lenye barafu haliinui ndege inavyopaswa.

Baridi yenyewe haizuii ndege. Kinachozuia ni kutoona: ukungu wa kiangazi unaotoka kwenye bahari baridi, na upepo wa kipupwe unaopeperusha theluji mpaka njia ikapotea. Longyearbyen, ambako kiwanja kilifunguliwa mwaka 1975 juu ya ardhi iliyoganda, kuna milima pande zote za fjodi, yaani mkono wa bahari unaoingia kati ya milima, hivyo rubani hana uhuru wa kuvizia tundu la mawingu. Ndege huondoka Tromsø ikiwa na mafuta ya kufika, ya kwenda kiwanja mbadala, na ya akiba ya dakika 30 juu yake. Hali ikiwa mbaya, inarudi bara. Utakuwa umeruka saa tatu na zaidi na kutua pale pale ulipotoka, na hilo limo ndani ya mpango.

Hatua ya 8: Weka muda wa mpaka

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo asome hapa mara mbili. Svalbard iko chini ya Norwei kwa Mkataba wa Svalbard uliotiwa saini mwaka 1920, lakini haimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwenye visiwa vyenyewe huhitaji viza. Tatizo ni kwamba utapita Norwei bara, ambayo imo ndani ya Schengen. Unapopanda ndege kwenda Longyearbyen umetoka Schengen. Unaporudi Tromsø au Oslo unaingia tena. Kwa hiyo omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi. Mwenye viza ya kuingia mara moja ataifika Longyearbyen salama, na kurudi ndiko kutakuwa na kazi.

Kwa upande wa muda: abiria wa ndege inayotoka Oslo kupitia Tromsø hushuka Tromsø na mizigo yao ya mkononi, hupita kwenye ukaguzi wa pasipoti, kisha hupanda tena. Usiende dukani kwanza. Pita dirisha la pasipoti, ndipo ununue chai.

Iqaluit kwenda Resolute hakuna mpaka, ni safari ya ndani ya Kanada.

Hatua ya 9: Panga saa

Tiketi huandika saa kwa mfumo wa 24, na kila saa ni ya mahali ndege ilipo. Tromsø na Longyearbyen zinatumia saa moja, hivyo hakuna cha kurekebisha. Majira ya baridi Afrika Mashariki iko mbele yao kwa saa 2. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, iko mbele kwa saa 1. Ukitua Longyearbyen 14:30 mwezi Januari, Dar es Salaam ni 16:30, yaani saa kumi na nusu jioni. Mwambie mama saa ya kwenu, asikae na simu mkononi bure.

Resolute iko nyuma ya Iqaluit kwa saa 1. Ukiondoka Iqaluit 09:00 na safari ikachukua saa nne na nusu, utatua 12:30 kwa saa ya Resolute. Anayetoa 09:00 kwenye 12:30 atadhani ameruka saa tatu na nusu, na kurudi ataona saa tano na nusu kwa njia ile ile.

Usitegemee jua likusaidie. Longyearbyen halichomozi tangu mwishoni mwa Oktoba mpaka katikati ya Februari, na tangu karibu tarehe 20 Aprili mpaka kama 22 Agosti halizami. Julai, saa nane za usiku na saa nane za mchana ziko na mwanga, na aliyechoka akiona 02:30 kwenye tiketi huisoma kama mchana. Andika pembeni "usiku" au "mchana" kwa mkono wako.

Hatua ya 10: Acha nafasi kati ya ndege na ndege

Tiketi ikiwa moja mpaka mwisho, ukichelewa shirika linawajibika kukutafutia ndege nyingine. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ndege ya pili ikikuacha umeachwa. Kwa anayerudi kutoka Longyearbyen na ana ndege ya kwenda Afrika kutoka Oslo kwa tiketi nyingine, mimi ningelala usiku mmoja Oslo. Kwa anayetoka Resolute, ambako ndege haiji kila siku, ningeacha siku mbili kamili Iqaluit au Ottawa, na dawa za siku hizo ningezibeba kwenye begi la mkononi.